Marumaru Isiyo Marumaru: Istilahi, Ubunifu wa Samani na Jiwe la Kuundwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya jina la malighafi na matumizi yake katika ubunifu wa samani. Malighafi inayoshughulikiwa ni mabamba ya mawe yanayoundwa viwandani kwa kusaga madini ya kwatsi na kuyashikanisha kwa gundi. Mabamba hayo hutumika kufunika meza, kaunta za jikoni, rafu na makabati. Embulbul, katika Kaunti ya Kajiado, imeteuliwa kuwa mahali pa mfano. Makala yanashikilia kwamba neno moja linapotwikwa vitu vingi vyenye sifa tofauti, msanifu hukosea kipimo na fundi huhatarisha mapafu yake. Mwishoni yanapendekezwa majina yanayoweza kuondoa utata huo, pamoja na maswali ya mjadala.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa isimu wanakumbuka fundisho la Ferdinand de Saussure, ambalo wanafunzi wake walilichapisha mwaka 1916 baada ya kifo chake, kwamba ishara ya lugha ina pande mbili: kitaja na kitajwa. Aghalabu fundisho hilo hutolewa mifano ya mti, farasi au nyumba, mifano ambayo haimdhuru mtu yeyote anapokosea. Karakana ya samani ni darasa la namna nyingine. Humo kitaja kikielekezwa kwa kitajwa kisichokuwa chake, bamba huvunjika, rangi hugeuka, na wakati mwingine afya ya mtu huharibika kwa namna isiyorudishika.

Waswahili husema, ukimwona simba kanyeshewa usidhani ni paka. Methali hii inafaa kuwa dira ya makala haya, kwa sababu jiwe la kuundwa hufanana mno na marumaru kwa macho, ilhali ndani yake ni kitu kingine kabisa.

2.0 Embulbul na mazingira yake

Embulbul iko kando ya barabara ya Ngong, baina ya Karen na mji wa Ngong, chini ya milima inayobeba jina hilohilo. Wakazi na makanga wa matatu wamezoea kulifupisha jina na kusema Bulbul. Kiutawala iko katika eneo bunge la Kajiado Kaskazini. Mahali hapa pamo katika ukanda unaopokea watu wanaofanya kazi Nairobi na kutafuta kiwanja au nyumba nje ya jiji. Nyumba mpya zinapojengwa, mahitaji ya samani huzuka pamoja nazo: vitanda, makabati, meza na kaunta za jikoni.

Mawe si kitu kigeni Kajiado. Milima ya Ngong ni mabaki ya volkano ya kale, nayo miamba yake ni ile iliyotokana na moto wa ardhini. Kuelekea kusini, karibu na mji wa Kajiado, kuna miamba ya chokaa na marumaru ambayo imechimbwa kwa miaka mingi. Upande wa mashariki, karibu na Kitengela, kuna viwanda vya saruji vya Athi River. Basi mkazi wa kaunti hii anaishi kati ya mawe ya aina tatu: jiwe la volkano, jiwe la chokaa, na jiwe lililosagwa na kuchomwa likawa saruji.

Hata hivyo, mabamba yanayong'aa yanayoonyeshwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi yanaweza kuwa hayamo katika aina hizo zote tatu. Hapo ndipo tatizo la jina linapoanzia.

3.0 Samani za mawe katika makazi ya Waswahili

Huenda mtu akadhani kwamba kuunda samani kwa mawe ni wazo lililoletwa majuzi na wafanyabiashara. Historia ya mwambao inakanusha dhana hiyo. Katika miji ya mawe kama vile Lamu na Unguja, baraza iliyo mbele ya nyumba ni samani iliyojengwa: ni kiti cha mawe ya matumbawe, kikapakwa chokaa, kikawa mahali pa kupokea wageni na kuzungumza. Ndani ya nyumba za kale za Lamu, ukuta ulitengenezwa zidaka, yaani vijishubaka vya kuwekea vyombo vya thamani. Samani hizo hazikuhamishika kwa kuwa zilikuwa sehemu ya jengo.

Jambo la kuzingatia zaidi ni chokaa yenyewe. Matumbawe yalichomwa, yakawa unga, unga ukachanganywa na maji na mchanga, kisha mchanganyiko ukagandishwa upya ukutani. Kwa maneno mengine, jiwe lilivunjwa na kuundwa tena. Fikra iliyo nyuma ya jiwe la kiwandani, kwamba binadamu anaweza kulisaga jiwe na kulishikanisha upya kwa umbo alitakalo, haikuwa ngeni kwa fundi wa Lamu. Kilichobadilika ni kiungo kinachoshikanisha: zamani ilikuwa chokaa, baadaye saruji, na sasa ni gundi ya kemikali.

Terazo ni daraja kati ya enzi hizo mbili. Humo chembe za marumaru huchanganywa na saruji, zikamwagwa, zikakauka, kisha zikasuguliwa hadi zing'ae. Kaunta nyingi za jikoni nchini Kenya zimetengenezwa kwa terazo, na fundi huimwaga papo hapo nyumbani kwa mteja. Huko Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze imejulikana kwa kuvipa uhai mpya vioo vilivyotupwa, vikiwemo vipande vinene vinavyopangwa na kushikwa kwa saruji. Kazi hiyo nayo inathibitisha kwamba uso mzuri wa samani au ukuta si lazima uchimbwe mlimani ukiwa mzima.

4.0 Jiwe la kuundwa ni nini?

Kwatsi ni madini magumu yanayopatikana kwa wingi katika mchanga. Kiwandani madini hayo husagwa, yakachanganywa na gundi ya resini pamoja na rangi. Mchanganyiko humwagwa katika kalibu, hewa ikanyonywa, ukashindiliwa huku ukitikiswa, kisha ukapashwa joto ili gundi ikaze. Mashine za kazi hii zilienezwa duniani na kampuni ya Breton ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1963. Miongoni mwa majina ya biashara yaliyofuata ni Caesarstone ya Israel, iliyoanza mwaka 1987, na Silestone ya Hispania, iliyoanza mwaka 1990.

Katika bamba la kawaida la aina hii, kwatsi huchukua takriban asilimia 90 ya uzito au zaidi. Salio ni gundi na rangi. Uwiano huo ndio unaoeleza tabia zake zote. Kwa sababu ya kwatsi, bamba ni gumu na halikwaruziki kwa urahisi. Kwa sababu ya gundi, halina vitundu vya kunyonya mafuta au chai. Lakini ni kwa sababu ya gundi hiyohiyo kwamba haliwezi kustahimili moto mkali wala jua la miaka mingi.

Marumaru asilia ina tabia nyingine. Hiyo ni chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Tone la ndimu au siki huila na kuacha doa lisilong'aa. Huvumilia joto kuliko gundi, lakini hukwaruzika upesi. Graniti, ambayo kamusi huiita itale, ni mchanganyiko wa madini kadhaa, na kwatsi ni mojawapo tu. Kisha kuna bamba la akriliki, kama vile Corian iliyobuniwa na DuPont ya Marekani katika miaka ya 1960, ambalo ni plastiki iliyotiwa unga wa madini. Hili hukatwa kwa msumeno wa mbao na kusuguliwa kwa msasa.

5.0 Neno moja, vitu vitano

Neno marumaru limeingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu, marmar, nalo lina asili ya Kiyunani. Maana yake ya kwanza ilikuwa finyu: jiwe la chokaa linalong'aa likisuguliwa. Baada ya muda maana ilipanuka. Nchini Tanzania ni jambo la kawaida kusikia vigae vya sakafu, ambavyo ni udongo uliochomwa, vikiitwa marumaru. Nchini Kenya neno graniti nalo limepanuka vivyo hivyo, hata si ajabu kila kaunta nyeusi inayong'aa kuitwa graniti, iwe ya jiwe asilia, ya terazo au ya kiwandani.

Upanuzi wa maana si kosa la lugha. Ni njia mojawapo ya kawaida ya kukuza msamiati, na bila hiyo Kiswahili kisingeweza kuita gari, simu wala mtandao. Tatizo huja pale ambapo upanuzi unafuta tofauti ambayo watumiaji wanaihitaji. Sifa iliyotumiwa kulipanua neno marumaru ni mng'ao. Sifa ambayo fundi anaihitaji ni kile kilichomo ndani. Jina linalofuata mng'ao humtosheleza mnunuzi, lakini halimsaidii anayekata.

6.0 Somo la ubunifu: meza na benchi

Ili hoja isibaki hewani, na ichukuliwe kwamba mwenye nyumba mmoja wa Embulbul anaagiza samani mbili: meza ya jikoni yenye uso wa sentimita 120 kwa 60, na benchi la kuwekwa barazani, nje. Anasema anataka zote ziwe za "marumaru". Msanifu analetewa bamba la kwatsi. Afanye nini?

Kwanza ni uzito. Bamba la aina hii lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Uso wa meza hiyo ukiwa na unene wa milimita 30, uzito wake ni karibu kilo 52. Ukiwa wa milimita 20 ni karibu kilo 35, na ukiwa wa milimita 12 ni karibu kilo 21. Miguu ya mbao nyembamba iliyotosha kubeba uso wa plaiwudi haiwezi kuaminiwa hapa. Fremu ya chuma cha mraba au ya mbao ngumu yenye viungo madhubuti inahitajika, na bamba jembamba linahitaji kuegemezwa kote, si pembeni tu.

Pili ni sura ya unene. Wateja wengi hupenda uso unaoonekana mnene. Msanifu anaweza kutumia bamba la milimita 12, akakata kingo zake kwa nyuzi 45 na kuziunganisha na ukanda ulioteremka, macho yakaona unene wa milimita 40 ilhali uzito umebaki mdogo. Hila hii ni nzuri, lakini huongeza ukataji, na ukataji huongeza vumbi. Suala hilo litarejelewa hapa chini.

Tatu ni pembe. Tundu la sinki au la bomba lisikatwe kwa pembe kali ya ndani. Nguvu hukusanyika penye ncha, na ufa huanzia hapo. Pembe ya ndani iviringwe.

Nne ni maungio. Mbao huvimba msimu wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Jiwe halifanyi hivyo. Uso ukigandishwa kwa gundi ngumu kote juu ya mbao, kimoja kitamvuta mwenzake. Vitone vya silikoni vinavyonyumbuka huruhusu kila kimoja kwenda na tabia yake.

Tano ni moto. Sufuria iliyotoka jikoni isitulizwe moja kwa moja juu ya bamba la kwatsi, kwa kuwa gundi huungua na kuacha doa la kudumu, au bamba lenyewe hupasuka kwa joto la ghafla. Msanifu mwenye busara hutenga mahali pa sufuria katika mchoro wake, kwa mfano kipande cha graniti au mbao ya kuwekea vyombo vya moto.

Sita ni jua, na hapa ndipo lile benchi la barazani linapokataliwa. Embulbul iko karibu na ikweta, na zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo miale ya jua ni mikali. Gundi ya resini ikipigwa na miale hiyo miaka nenda miaka rudi hugeuka rangi. Benchi la nje linafaa kutengenezwa kwa terazo, kwa jiwe asilia, au kwa saruji na vipande vya kioo. Fundi wa mwambao aliyejenga baraza ya matumbawe na chokaa alikuwa amekwisha kulijibu swali hili kwa njia yake.

Ni dhahiri kwamba kama agizo la mwenye nyumba lingetumia jina mahususi, nusu ya maswali haya yangejibiwa kabla ya penseli kugusa karatasi.

7.0 Vumbi ambalo jina huficha

Lililo zito zaidi ni vumbi. Kwatsi ni silika ya fuwele. Bamba likikatwa kavu kwa grinda, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na humwongezea aliyeupata hatari ya kushikwa na kifua kikuu.

Marumaru asilia ina silika ya fuwele asilimia chache tu. Graniti huwa na kiasi cha wastani, kwa kawaida chini ya nusu. Bamba la kwatsi la kawaida lina takriban asilimia 90 au zaidi. Fundi aliyezoea kukata marumaru kwa miaka mingi, akaambiwa kwamba bamba hili nalo ni marumaru, hana sababu ya kubadili desturi yake. Ataendelea kukata kavu, leso ikiwa imefungwa puani, akiamini kwamba leso inatosha. Haitoshi.

Ushahidi wa madhara haya umekusanywa katika nchi kadhaa. Mwaka 2012 madaktari wa Israel walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa 25 wa silikosisi waliokuwa wakikata mawe ya kuundwa, baadhi yao wakiwa wamehitaji kupandikizwa mapafu. Visa vingine viliripotiwa Hispania, Marekani na Australia. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024, Australia ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ukataji wa mabamba hayo. Baadhi ya viwanda navyo vimeanza kutengeneza mabamba yenye silika kidogo.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuilinda afya ya wanaofanya kazi kwake. Kinga zenyewe zinajulikana: kukata kwa maji yanayotiririka juu ya diski, kufyonza vumbi pale linapotokea, kuvaa barakoa yenye kichujio inayobana uso vizuri, kutofagia vumbi likiwa kavu, na kutorudi nyumbani na nguo zilizojaa vumbi. Lakini kinga hutanguliwa na utambuzi, na utambuzi hutanguliwa na jina. Sheria haiwezi kumfaa mtu asiyejua kwamba kitu alichokishika ndicho kinachozungumziwa.

8.0 Uundaji wa istilahi

Majina kadhaa yanaweza kupimwa. "Marumaru bandia" lina kasoro mbili: linaendeleza kosa la kuliita jiwe hili marumaru, na neno bandia humfanya muuzaji alikwepe kwa kuhofia kuonekana mdanganyifu. "Jiwe la kiwandani" linaeleweka, lakini hata kigae na tofali hutoka kiwandani. Kutohoa neno la Kiingereza kungezaa neno refu ambalo fundi hangepata ndani yake kidokezo chochote cha maana.

Njia bora inapatikana ndani ya Kiswahili chenyewe. Kitenzi unda, kikipewa kiishio -e, huzaa neno unde, yaani kilichoundwa. Utaratibu huu ni wa kale: tuma huzaa mtume, umba huzaa kiumbe, teua huzaa mteule. Katika miaka ya karibuni umeibuka tena katika istilahi "akili unde". Kwa mlinganisho huo panapendekezwa "jiwe unde", lenye kinyume chake "jiwe asilia".

Chini ya jiwe unde, ambalo ni hipanimu, kuna haiponimu zake: "terazo", yaani jiwe unde la saruji, na "jiwe unde la kwatsi", lile la gundi. Chini ya jiwe asilia kuna marumaru, itale na mengineyo. Bamba la akriliki linabaki nje ya matawi hayo mawili, kwa kuwa si jiwe. Mpangilio huu ni mfupi, unakumbukika, na unamwambia fundi jambo analolihitaji: neno kwatsi likitajwa, maji na barakoa vitayarishwe.

Neno silika linahitaji tahadhari. Kiswahili tayari kina silika yenye maana ya tabia ya kuzaliwa nayo, hivyo utohozi umezaa homonimu. Katika makala ya kisayansi muktadha huondoa utata. Katika bango la karakana, hata hivyo, "Jihadhari na silika" ni onyo linaloweza kuchekesha badala ya kuokoa. "Jihadhari na vumbi la kwatsi" lina manufaa zaidi.

9.0 Maswali ya mjadala

1. Je, upanuzi wa maana ya neno marumaru unatofautianaje na ule wa neno gari? Toa sababu za kuwa mmoja una madhara na mwingine hauna.
2. Tembelea karakana ya samani au duka la vifaa vya ujenzi. Orodhesha majina yote ya nyuso za meza na kaunta yanayotumiwa na mafundi, kisha uyapange kihaiponimia.
3. Linganisha "jiwe unde" na pendekezo jingine la kwako kwa kuzingatia ufupi, uwazi, unyambulikaji na kukubalika kwa watumiaji.
4. Andika kwa Kiswahili sanifu bango la maneno yasiyozidi ishirini la kumkinga fundi na vumbi, kisha utetee kila neno ulilolichagua.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jiwe la kuundwa lina nafasi halali katika samani za kisasa, na kwamba fikra yake haiko mbali na ile ya chokaa, baraza na zidaka za mwambao. Yameonyesha vilevile kwamba ubunifu mwema hutegemea kuijua malighafi, na kuijua malighafi hutegemea kuiita kwa jina lake. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo hautakamilika iwapo utaishia bungeni na mahakamani. Fundi anayeinama juu ya bamba huko Embulbul, grinda mkononi, ni mtumiaji wa Kiswahili anayestahili istilahi sahihi sawa na wakili au mhadhiri. Wakili akikosa neno anaweza kukata rufaa. Fundi aliyeharibikiwa na mapafu hana mahakama ya kumrudishia pumzi.